Nani Mrefu Huku Kwetu? Miji Minane kwa Jicho la Mtu wa Tongaren

Mtu wa Tongaren ana miji miwili, na hana hata mmoja. Kitambulisho kinamweka Kaunti ya Bungoma. Gavana wake yuko Bungoma, bajeti yake inasomwa Bungoma. Lakini akitafuta spea ya trekta, sare za shule au miwani ya mzee, anapanda matatu ya Kitale, na jioni anarudi na mfuko wa Khetia's mkononi. Kwa karatasi ni wa Bungoma, kwa pochi ni wa Kitale.

Ndiyo maana ugomvi huu usingeweza kuzuka kwingine. Tulikuwa chini ya hema nyumbani kwetu, wazee wako ndani wanavutana juu ya ng'ombe wa mahari, chakula kinanukia na hakifiki. Mulamwa wangu, shemeji wa kule Kiminini, upande wa Kitale, akatazama barabarani akasema kama mtu anayejisemea: "Lakini Bungoma nayo si mji. Ni steji ndefu."

Ng'ombe wa mahari wamewahi kurudishwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Ili tusifike huko, tukakubaliana kuipanga miji ya huku kwa sura yake ukiitazama kwa mbali: paa, ghorofa, dohani, chochote kinachochomoza angani. Tuhesabu kutoka wa mwisho hadi wa kwanza. Kijana mmoja wa chuo aliandika kwenye simu, na sisi wengine kama kumi tukapiga kelele.

Kanuni zilikuwa chache. Mlima Elgon haushindani. Una mita 4,321, na ukiuruhusu kwenye orodha hakuna haja ya kuendelea. Busta za simu hazihesabiwi, la sivyo kila kijiji chenye mtandao kingejiita Dubai. Ghorofa isiyomalizika inapewa nusu. Zile nondo zinazochomoza juu ya slabu miaka kumi na mitano si ghorofa, ni maombi. Nairobi haikualikwa, ikae na Britam Tower yake ya mita 200 na foleni zake. Kisumu pia iliondolewa: ukiwa na ziwa mbele yako unajiona majini na kujidhania mrefu mara mbili. Mbale ya Uganda, ya binamu zetu Wamasaba, ilitajwa kwa heshima ikaachwa, kwa sababu nyuma yake kuna ukuta wa Wanale, na huo ni mlima kwa jina lingine. Mbale ya Vihiga haikutajwa na mtu.

Kipimo chenyewe kilitoka kwa dereva wa matatu aliyekuwa ameleta wageni. Alisema yeye hutambua mji kwa abiria aliyelala. Mtu amesinzia tangu safari ianze, anashtuka, anatazama nje juu juu, hajasoma kibao chochote. Akijua alipo, huo ni mji. Akiuliza, "Tumefika wapi?", hapo bado ni njia panda yenye maduka.

Tukaanza.

8. Tongaren

Naanza na kwetu ili asije mtu akasema napendelea.

Vitu virefu Tongaren ni mikaratusi, tangi la maji na busta, na busta tumeshaikataa. Si kosa letu. Hizi ni ardhi zilizokuwa za walowezi, zikakatwa mashamba ya walalahoi kwenye mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962. Waliopima waliwaza mahindi na ng'ombe wa maziwa. Hakuna aliyeacha nafasi ya lifti.

Lakini tuna jambo ambalo hakuna mji mwingine ulio nalo. Mwezi wa saba, mahindi yakishatoa mbelewele, yanafika juu ya kichwa cha mtu aliyepanda baiskeli. Maduka yanazama, paa la shule linazama, unaona msalaba wa kanisa tu ukielea juu ya majani. Kisha Novemba mapanga yanapita na mji wote unakuwa mfupi ndani ya wiki mbili. Huu ndio mji pekee ninaoujua ambao urefu wake unavunwa, unapukuchuliwa na kuuzwa kwa gunia.

Jirani zetu wa Brigadier walitaka kuingia kivyao. Tukawaambia: mna cheo kikubwa cha jeshi, lakini ghorofa hamjapandishwa.

Abiria aliyelala: anauliza. Kila mara anauliza.

7. Kimilili

Kimilili ina biashara, ina makelele, siku ya soko huwezi kupita hata na mkokoteni. Tatizo lake ni mlima. Umesimama nyuma ya mji kama baba mrefu kwenye picha ya darasa la kwanza. Jenga ghorofa tatu, jenga sita, mtu akipiga picha anaandika chini yake "Mlima Elgon".

Tusonge.

6. Mumias

Kwa umri, Mumias inaweza kumtuma Nairobi dukani. Nabongo Mumia alikuwa akipokea misafara ya pwani wakati Nairobi ni tope na vyura. Reli ilifika pale Nairobi 1899. Lakini ukongwe si urefu. Anga ya Mumias imeshikiliwa na kiwanda cha sukari kilichoanza kusaga miwa 1973, na kwa muda mrefu ukitaka kujua hali ya uchumi wa nyumba za eneo lile hukuhitaji gazeti. Ulitazama dohani. Ikitoa moshi, mkulima atalipwa, ingawa hakuna aliyesema lini.

Kampuni iliwekwa chini ya meneja mrasimu 2019, dohani ikapumzika, baadaye mwekezaji mwingine akaingia na moshi ukarudi. Tukaipa namba sita kwa huruma. Mtu wa Mumias aliyekuwapo alisema huruma hailipi karo. Tukakubaliana naye, namba ikabaki sita.

5. Eldoret

Watu wa Sisibo, msinipigie simu. Najua ninyi ndio warefu kuliko wote kwenye orodha hii. Jengo la KVDA Plaza peke yake likihamishiwa Kimilili, wangelitoza watu kiingilio cha kulitazama. Mna maduka makubwa ya ghorofa juu ya ghorofa, mna hospitali ya rufaa yenye jina kubwa, mna hata msongamano wa magari wa kujivunia.

Lakini tarehe 15 Agosti 2024 Rais Ruto aliwakabidhi hati ya jiji. Jiji halishindani na miji. Ni kama baba kuingia mbio za magunia za watoto. Tena nchini mlikuwa jiji la tano, na sisi Tongaren hatubishani na Ikulu. Namba tano.

Nitawasifu kwa mambo mawili. La kwanza ni ile hadithi ya mwaka 1912, kwamba benki ya kwanza ilikuja na sefu ya chuma nzito kupita kiasi, ikaanguka kutoka kwenye gari la ng'ombe, ikashindikana kuinuliwa, basi wakaamua kuijengea benki palepale ilipoangukia. Siku hizi mpangaji wa mji analipwa mshahara mzuri kufanya kazi iliyofanywa siku ile na sefu. La pili ni wanariadha. Sehemu ya majengo ya pale yalikimbiwa Boston, Berlin na Rotterdam kabla ya kujengwa. Kila ghorofa ina kilomita zake. Huwezi kuidharau saruji iliyotoka jasho la namna hiyo, unaweza tu kuipa namba tano.

4. Kakamega

Mulamwa alipinga. Alisema kitu kirefu maarufu cha Kakamega si jengo, ni jiwe. Ni kweli. Kule Ilesi, barabara ya kwenda Kisumu, limesimama lile Jiwe Linalolia, Ikhongamurwi, kama mita 40, na jingine limekaa juu yake kama kichwa, maji yakitiririka shavuni.

"Jiwe si ghorofa," akasema. "Halina mpangaji."

Nikamwambia ndiyo sababu linalia.

Hoja yangu ni kwamba linapita kipimo cha dereva bila shida. Abiria anafumbua jicho moja, anaona jiwe linalia, anaanza kutafuta viatu vyake chini ya kiti. Miji yenye plaza sita zenye vioo vya buluu haifikii hapo, kwa sababu vioo vya buluu vimejaa kila mahali kuanzia Busia hadi Voi, na abiria akiviona anaweza kuwa popote.

Mji wenyewe ulivuma miaka ya 1930 kwa dhahabu. Wazungu walimiminika na karai zao, mgodi wa Rosterman ukachimbwa, na kwa kipindi fulani Kakamega ilikuwa na urefu wa kutosha, ila ulikuwa unaelekea chini. Kama tungehesabu mashimo, ingekuwa ya kwanza kabisa.

3. Bungoma

Sasa tuongee taratibu, maana hapa nyumbani watu wana visu vya kuchunia ng'ombe.

Nilimkatalia mulamwa neno "steji", lakini nikirudi usiku kitandani namwelewa. Bungoma ni mji uliolala badala ya kusimama. Shika barabara pale Kanduyi hadi Musikoma, siku hizi ni njia mbili kila upande na taa katikati, utaona maduka, gereji, makanisa, hoteli, tena maduka, hayaishi. Ungeyabeba yale yote ukayapanga moja juu ya jingine, Eldoret wangeomba radhi. Lakini nani atayabeba? Ardhi iko, barabara iko, bodaboda ziko; mtu ajenge juu ili akimbie nini?

Na kuna siri ambayo wenye majengo hawaisemi. Ghorofa ya chini ndiyo inayolipa. Pale kuna M-Pesa, kuna duka la dawa, kuna hardware. Ghorofa ya kwanza inalipa kiasi. Ya pili ni wakili na daktari wa meno. Ya tatu ni chuo cha kompyuta, ya nne ni kanisa jipya ambalo bado linamwomba Mungu kodi. Ukiongeza ya tano wapangaji wanaanza kuulizia lifti, na lifti inataka umeme, jenereta, na fundi wa kuja kutoka mbali kila inapozimia. Basi mwenye nyumba anamwaga slabu ya nne, anaacha nondo nje, anasema ataendelea mwaka kesho. Anga ya miji yetu yote, kuanzia Bungoma hadi Kitale, imekatwa kwenye usawa mmoja kama nywele za mwanafunzi, na kinyozi ni lifti.

Mimi mwenyewe niliwahi kulala hoteli moja ya mji ule, sitaitaja, chumba ghorofa ya tano. Lifti ilikuwepo. Kwenye mlango wake kulikuwa na karatasi: "Itatengenezwa kesho." Karatasi yenyewe ilishageuka rangi ya chai. Nilipanda na sanduku, nikapumzika ghorofa ya tatu pamoja na mama mmoja ambaye naye alikuwa amepumzika hapo muda. Tukasalimiana, tukaulizana ukoo, ikabainika ni watani. Asubuhi nikafungua dirisha. Kaskazini Mlima Elgon, kusini vilima vya Sang'alo, katikati bahari ya mabati yenye jua juu yake, na mluzi wa mbali ambao nilijiaminisha ni garimoshi. Nilisamehe ngazi. Karibu zote.

Sababu nyingine ya kuipa namba tatu ni Agosti ya mwaka wa shufwa, msimu wa kutahiri. Njuga zikianza, vijana wakapakwa udongo, umati ukatoka barabarani na vumbi likapanda, Bungoma inakuwa ndefu kuliko mji wowote, kwa kuwa vumbi lake linaonekana hata Webuye. Dereva alitukumbusha kwamba siku hizo abiria hawezi hata kulala.

2½. Moi's Bridge

Hii haikuwa kwenye orodha. Iliingizwa na kukhu, bibi yetu, aliyekuwa akipita na sahani.

"Mmeacha pale tunapopeleka mahindi," akasema, akaendelea na safari yake. Na bibi akishasema, kijana wa simu haulizi.

Moi's Bridge iko Uasin Gishu, ng'ambo ya mto Nzoia ukitokea kwetu. Zamani iliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Arthur Hoey aliyejenga daraja. Kama mji haina mengi ya kusema: barabara, reli, maduka, nyama choma. Halafu unainua macho unakutana na maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, mitungi ya saruji imesimama bega kwa bega bila dirisha hata moja, meupe-meupe kama mizimu ya kizungu. Hakuna anayeishi ndani. Hakuna anayelipa kodi. Na ndilo jengo ambalo limetutoa jasho kuliko yote.

Ungekuja Novemba au Desemba ungeona. Foleni ya trekta na malori imetoka langoni hadi barabarani. Watu wamelala chini ya trela usiku wa pili, wamejifunika maturubai yaleyale waliyoanikia mahindi. Mbele kabisa kuna kijana mwenye chuma chembamba chenye mfereji. Anachoma gunia, punje zinateremka kiganjani kwake, anazimimina kwenye kimashine kidogo. Wewe mwenye mahindi unatazama kile kidude kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe. Kikisoma asilimia 13.5 ya unyevu au chini ya hapo, unaingia. Kikisoma 15, unarudi ukaanike, na mvua ya Novemba iko juu yako inacheka. Nimeona mzee wa kanisa akipuliza punje kwa mdomo ili zikauke.

Jioni yake, ukiwa umekataliwa, tazama yale maghala jua likizama nyuma yake. Hapo ndipo utajua jengo refu ni nini: ni lile ambalo umefika mlangoni pake ukashindwa kuingia.

Nusu yake ilitokana na kwamba si mji wa kati, ni mji wa kungojea. Abiria aliyelala hapa haamki, kwa sababu yuko chini ya trela.

2. Kitale

Mulamwa alisimama kwa ajili ya hii. Akavuta suruali, akakohoa.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa nzuri, nakiri. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko karibu na 1,400. "Kwa hiyo," akasema, "panda jengo refu kuliko yote Bungoma, simama juu ya tangi la maji, nyosha mkono. Bado uko mita mia nne na kitu chini ya nyayo za mama mboga wa Kitale. Hiyo ni kama Britam Tower mbili, na bado." Watu walicheka, hata wa kwetu. Nikamjibu kwamba kwa kipimo hicho kule Chepyuk, mlimani Elgon, kuku wanalala juu zaidi ya Kitale yote, na Chepyuk ni Kaunti ya Bungoma. Akaketi kidogo.

Akasimama tena. Kitale ilianzishwa 1908, akasema, reli ikafika 1926, na ukitembea barabara za katikati bado unaona maduka ya zamani ya Wahindi, paa la chini, veranda ndefu yenye nguzo, cherehani imekaa kivulini kama ilivyokaa enzi za babu. Halafu juu yake, nyuma yake, ubavuni pake, ghorofa mpya nne nne, rangi ya chungwa, rangi ya zambarau, vioo vya buluu. Mimi napenda yale ya chini. Ghorofa za Kitale zinafanana na za kila mahali, lakini veranda zake zikifunikwa na mvua ya saa tisa, wote mkajibanza pale, wakili na mchuuzi wa viatu na mwanamke mwenye kuku, mtaongea hadi ikatike. Mji unaokusetiri mvua una alama zake.

Kuna pia Mbegu Plaza. Ngoja nirudie: Mbegu Plaza. Duniani watu wameyapa majengo yao majina ya mabenki, ya mafuta, ya marais. Kitale wamelipa lao jina la mbegu, kwa kuwa ni makao ya Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa palepale 1956. Mwaka 1964 ikatoka mbegu chotara ya kwanza, 611, na wadogo zake wakafuata. Kila mkulima wa Tongaren anaitaja 614 kama anavyomtaja mtoto aliyepita mtihani. Yale mahindi yetu ya namba nane yanayoficha mji mwezi wa saba yalitoka kwenye pakiti ya pale. Kwa hiyo hata ufupi wetu tumeununua Kitale.

Nilikuwa karibu kumpa namba moja, wallahi. Kilichomponza ni kipimo cha dereva. Tuliwauliza wote waliokuwapo: ukishtuka usingizini, ni kitu gani kinachokuambia uko Kitale? Mmoja akasema baridi. Mwingine akasema wapiga debe wa Lodwar. Wa tatu akasema makumbusho yale yenye nyoka, lakini yako pembeni ya mji na abiria angekuwa amepitishwa. Mulamwa akasema Cherangani upande huu na Elgon upande ule. Tukamkumbusha milima haishindani.

Aliketi moja kwa moja.

1. Webuye

Hakuna aliyeitarajia, hata mimi niliyeitaja.

Webuye ina ghorofa chache na za kawaida. Zamani iliitwa Broderick Falls, kwa sababu ya maporomoko ya mto Nzoia ambayo sisi tunayaita Nabuyole. Juu yake kuna Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijifungia ngomeni wakapigana na askari wa Mwingereza. Mji wenyewe ungeweza kubaki kituo cha reli na kibanda cha ndizi. Halafu 1974 kikaanza kazi kiwanda cha Pan Paper, kikubwa kuliko vyote vya karatasi Afrika Mashariki, na madohani yake yakasimama juu ya kila kitu.

Yale madohani hayakuonekana tu. Yalinusika. Kuchemsha mbao upate karatasi kunahitaji dawa zenye salfa, na salfa ikipanda angani inanuka yai viza la kuku aliyekusudia. Ulikuwa unatoka Tongaren kwa njia ya Misikhu, umelala, kichwa kwenye kioo, kinywa wazi. Pua ndiyo iliyoamka kwanza. Hukufumbua hata jicho, ulisema tu, "Webuye," ukageukia upande wa pili. Hakuna mji mwingine kwenye orodha hii, hata Eldoret na hati yake, unaotambulika na mtu aliyefumba macho.

Moshi ule ulikula mabati. Nyumba mpya, miaka michache tu, paa linageuka kutu, kisha chungio; usiku wa mbalamwezi ulihesabu matundu ukiwa kitandani. Watu walilalamika, walikohoa, waliandamana. Na bado mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na mandazi karibu na lango aliniambia kwamba alfajiri, kabla ya kukanda unga, alitoka nje kutazama juu. Moshi mzito, alikanda karai mbili. Moshi mwembamba, karai moja. Hakuwa na redio wala hesabu za mkutano wa wanahisa. Alikuwa na shingo.

Januari 2009 alitoka nje akakuta anga safi kabisa. Madeni yalikuwa yamekifunga kiwanda. Hewa ikawa nzuri, mabati yakaacha kuoza, na nyumba za kupanga zikabaki wazi, milango inapigwa na upepo. Waliokuwa wakiziba pua wakaanza kusema wanakumbuka harufu. Harufu ya mshahara, waliiita. Mwaka 2016 kikauzwa kwa kundi la Rai kwa shilingi milioni 900, mashine zikaanza tena kuzunguka, ila si kwa kishindo kile, na yule mama alishahamia biashara ya mitumba.

Hapa hata mulamwa hakuwa na la kusema. Kaka yake mkubwa alifanya kazi pale miaka kumi na moja. Akasema tu kwamba madaftari yake yote ya shule ya msingi yalitoka chini ya yale madohani, na hesabu alizozikosa humo zilikuwa za kwake mwenyewe.

Kijana akaandika: namba moja, Webuye. Akauliza kama abofye kutuma kwenye kundi la familia, la kwetu na la kwao. Mulamwa akakubali kwa mkono, roho imemtulia, kwani Kitale imeshindwa lakini Bungoma imeshindwa zaidi.

Chakula kikafika. Tulikuwa tumeshanawa, yeye ameshachukua kipande cha kwanza cha ugali, alipokumbuka kwamba Webuye iko Kaunti ya Bungoma.